Jiwe Lililomshikia Nabintu Nafasi

Siku ya mwisho kabla magari hayajazuiwa, Nabintu alikuwa anafuma kola. Kola ya sweta ya shule ndiyo inayomshinda mtu mvivu, kwa sababu nyuzi za rangi mbili lazima zipishane bila kuvutana, na mashine za karakana yao huko Mbarara ni za kusukuma kwa mkono, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka bega la kulia linakuwa kubwa kuliko la kushoto. Alikuwa katikati ya kola ya kijani na njano pale bosi Swaibu alipoingia, barakoa ikiwa chini ya kidevu, akapiga makofi.

"Shule zimefungwa," alisema. "Teksi nazo zinasimama. Kila mtu aende kwao. Mambo yakitulia nitawaita."

Wasichana wa Mbarara walichukua mikoba yao wakaondoka. Resty, aliyekaa mashine ya jirani na Nabintu, alitoka akitukana kwa sauti ya chini ugonjwa, serikali na mama mkwe wake, kwa mpangilio huo. Wakabaki wale wawili wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Nabintu na Marcienne. Hao hawakushika mikoba kwanza. Walitoka uani, wakazunguka nyuma ya choo ambako mafundi walikuwa wamebakiza mawe ya msingi, wakachagua kila mmoja lake.

Nakivale watu wanaishi hivyo. Bomba la maji linatoa maji wakati linapotaka, na mtu ana shamba, ana mtoto, ana mgonjwa, hawezi kushinda juani. Basi anaweka jiwe kwenye foleni anakwenda zake. Foleni ikisogea, aliye nyuma analisukuma lile jiwe kwa mguu. Hakuna anayeliruka. Ukiliruka jiwe la mtu umemruka mwenyewe, na mama yake atakuja kukuuliza. Kwenye chakula ni hivyo hivyo, na zahanati hivyo hivyo. Kuna bwana mmoja aliyechelewa ubatizo wa mwanawe, jiwe lake likakaa kwenye benchi la wazazi, na mchungaji akaliuliza kama linamkataa shetani. Kisha akaendelea na ibada.

Jiwe la Nabintu lilikuwa la kijivu, ukubwa wa mkate, na upande mmoja lilikuwa bapa, kwa hiyo lilikaa vizuri juu ya kigoda chake, mbele ya mashine. Alilifuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Unilindie fasi," aliliambia, kama linavyoambiwa kila jiwe, akaenda kutafuta gari.

Norah, mke wa bosi na msimamizi wa karakana, alitaka kuyatupa mawe yote mawili. Swaibu alimzuia. "Yaache, bambi. Kwani yanakula nini?"

Miezi ikapita. Redioni ikasemwa kwamba serikali na wafadhili hawapendi watu wafukuzwe kazi kwa sababu ya shida iliyoikumba dunia nzima. Mwajiri atakayemweka mfanyakazi wake kazini atasaidiwa nusu ya mshahara, nusu nyingine atoe mwenyewe. Ampe na chakula cha mchana. Sharti lilikuwa kwamba mkaguzi akija amkute mfanyakazi mahali pake. Bosi Swaibu aliisikiliza habari hiyo akiwa karakanani peke yake. Aliviangalia vigoda vitupu. Kisha akaviangalia vile viwili ambavyo havikuwa vitupu.

Mkaguzi alikuja, kijana mwenye adabu kutoka Kampala, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Akauliza majina.

"Huyu Nabintu, yule Marcienne," alisema bosi.

Kijana akaandika. Kilichomhangaisha ni kama wafanyakazi wamekaa mbalimbali, kwa ajili ya ugonjwa. Walikuwa wamekaa mbalimbali. Akawasifu kwa utulivu wao.

Baada ya kuandikwa, mawe yalianza kazi. Asubuhi moja Norah alifungua mlango akakuta mkono wa sweta unaning'inia kwenye mashine ya Nabintu, umekamilika, mishono imebana. Alidhani ni kazi ya zamani. Kesho yake akakuta wa pili, akatuma watu wanunue uzi. Hakuna aliyeliona jiwe likisukuma mashine, lakini ukiigusa mashine ilikuwa na moto, na jiwe lilikuwa na moto. Sweta zake zilikuwa safi ila nzito kidogo. Siku shule zilipokuja kufunguliwa, watoto waliozivaa walisimama wima mstarini wala hawakukimbizana, na walimu wakaagiza nyingine.

Nabintu hakuyajua hayo. Alikuwa Nakivale akipanda maharagwe kwenye kipande cha nyuma ya nyumba, yeye na mama yake, Perpétue. Mama huyo alikuwa amelimia watu wenye ng'ombe huko Endiinzi kwa vibarua vya miaka mingi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Sasa alipanda akiwa amekaa, akijisogeza kwa makalio. Maharagwe yakaungua na jua. Ilibaki posho ya msaada, ambayo nayo ilikuwa imeshapunguzwa, ikapunguzwa tena.

Siku ya chakula Nabintu alikwenda Base Camp, kunakogawiwa msaada, na gunia limekunjwa kwapani. Akaweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole. Karani akasoma, akatabasamu.

"Hongera, dada. Nyumba yenu imetoka kwenye chakula."

"Imetoka namna gani?"

"Iko na mtu mwenye kazi Mbarara."

"Mutu gani?"

Karani akasoma tena ili asimkosee. "Nabintu. Si ndiyo wewe?"

"Ni miye. Lakini miye niko hapa, unaniona. Sifanye kazi."

"Nakuona. Kazi yako nayo inaonekana huku. Dada, mimi siwezi kumuandika mtu hana kazi na kazi anayo. Wakikutoa kule, utakuja kuandikwa upya hapa, siku watakapofungua kuandika."

"Batafungua lini?"

"Hatujaambiwa," alisema karani, akamwita aliyefuata.

Nabintu akarudi na gunia tupu. Mama yake alikuwa ameshabandika sufuria na maji yamechemka. Akaambiwa.

"Umepata kazi na hukuniambia?"

"Si miye, mama. Ni lile jiwe."

Perpétue alichochea kuni ili maji yasipoe bure. "Sasa kama lina kazi, si lilete chakula? Mutoto mwingine akipata kazi analeta."

Magari yaliporuhusiwa, Nabintu aliuza shuka ya kitanda akapata nauli. Akashuka Kabingo, akangoja gari jingine, akafika Mbarara kabla ya saa sita. Alikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia bosi, na njia nzima aliyarudia kimoyomoyo: unilipe, au unifukuze. Mojawapo lingempa mama yake chakula.

Getini alikuwa Ashiraf, askari mstaafu wa kambi ya jeshi, ambaye bado alikunja mikono ya shati kijeshi.

"Simama hapo. Wewe nataka nani?"

"Afande, hunikumbuke? Ni miye Nabintu."

"Nabintu iko ndani, nafanya kazi. Hapana cheza na mimi. Iko kuja mapema kila siku, hapana kwenda hata choo." Alimtazama Nabintu kwa lawama. "Wewe hapana fanana yeye."

Aliyemwingiza ni Resty, ambaye siku hizi alikuwa anakaanga chapati kando ya geti hilo hilo. Alimkumbatia na mikono yenye unga, akamkalisha kwenye kreti, akamweleza yote, kuanzia redio mpaka mkono wa sweta, huku akigeuza chapati.

"Sisi tulifukuzwa na tukajua tumefukuzwa," alisema Resty. "Mtu akifukuzwa anaenda kukaanga. Lakini nyinyi Wakongo, banange! Nani aliwaambia muache mawe kazini? Ona sasa, limekuzidi hata mwili."

"Kwetu ndiyo tunavyofanya."

"Ndiyo, kwenye maji. Lakini kwa Swaibu? Swaibu akiona kitu kimekaa hakisemi, hakiachi." Akampa chapati ya moto. "Kula, nenda. Na usimlilie. Akiona machozi anasikia raha."

Jiwe lilikuwa kwenye kigoda cha Nabintu, mbele ya mashine ya Nabintu. Kweli lilikuwa limenenepa. Lilikuwa sasa ukubwa wa mbuzi aliyelala, kigoda kimeongezewa mbao chini, na Norah alikuwa amelifunga aproni ya kazi, ile yenye mfuko wa mbele. Kwenye mashine kulikuwa na kola ya kijani na njano. Nabintu aliikagua, akatafuta kosa. Hapakuwa na kosa. La Marcienne lilikuwa kule pembeni, dogo kidogo, linafuma migongo tu.

Bosi Swaibu alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Nyabo Nabintu. Umepotea sana."

"Bosi, nimekuja kwa maneno mawili. Unilipe, au unifukuze."

"Kukulipa? Kwa kazi gani?"

"Jina ni langu. Nimeandikwa."

"Aliyeandikwa ni yule aliyekuwa mahali pake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Ulituambia tuende."

"Niliwaambia. Sikatai." Swaibu alikuwa mtu wa haki kwenye mazungumzo. "Na wewe uliliambia nini lile jiwe? Likushikie nafasi. Limeishika. Mimi nilikuingilia?"

"Basi pesa yake iko wapi?"

"Jiwe halina simu, nyabo. Nitaitumaje? Ninaiweka mimi. Siku likiomba, nitalipa, mbele ya mashahidi."

"Sasa unifukuze. Sema Nabintu hana kazi tena. Kambini batampa mama yangu chakula."

Hapo bosi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Hilo hapana. Mimi nimekula kiapo kutomfukuza mfanyakazi yeyote wakati huu wa shida. Nikimfukuza mmoja, msaada wote unakatwa. Unataka niwe mtu mbaya?"

Nabintu aliigeukia mashine yake. Kisha akaona iko njia ya tatu, akashangaa hakuiona tangu Kabingo: angeliondoa jiwe akae mwenyewe. Mwenye jiwe akirudi bombani, analichukua jiwe lake na kusimama. Hata mgomvi hapingi. Alikwenda akalikumbatia, akavuta. Halikusogea. Akapiga magoti, akaingiza bega lake la kulia, lile kubwa, akasukuma mpaka jasho likamwingia machoni. Lilikuwa na moto kama tumbo la mtu mwenye homa. Halikusogea.

"Usimsukume mfanyakazi wangu," alisema Swaibu bila ukali. "Halafu ukikaa hapo wewe, nitakuwa na Nabintu wawili. Mmoja ana msaada. Wa pili atalipwa na nani?"

Angeondoka siku hiyo, na hadithi yake ingekuwa fupi, kama si Norah. Norah alikuwa na tatizo la sahani. Mkaguzi alikuwa amepita tena, akakuta sahani mbili za posho, yaani ugali, na maharagwe zimepoa mbele ya wafanyakazi, akauliza kwa nini hawali. Chakula kibaya? Wanaonewa? Aliandika alama ya kuuliza. Norah alikuwa amejaribu kuwamwagia kuku chakula hicho, lakini kuku hula ovyo, na mkaguzi akija angewakuta mezani.

"Wewe mwana wa kwetu huna pa kwenda," alimwambia Nabintu. "Njoo mchana ule chakula cha Nabintu. Ukimaliza, cha Marcienne pia. Unakaa pale pembeni, kwenye mkeka, kimya. Sikuandiki popote. Na tuelewane: siku jiwe likipata matatizo kwa ajili yako, sahani imekwisha na geti limekwisha."

Marcienne mwenyewe hakuwapo kulalamika. Alikuwa ameshaondoka Nakivale kumfuata mume aliyesikika yuko upande wa pili wa nchi, akiamini kwamba nafasi yake iko salama.

Hivyo Nabintu akawa mlaji wa jiwe. Alilala kwenye chumba cha Resty, asubuhi akimkandia unga, mchana akavuka geti. Ashiraf sasa alimwacha apite. "Wewe iko dada ya Nabintu," alisema, ameshajipatia jibu. Alikaa kwenye mkeka, karibu na jiwe, akala sahani yake nusu, na nusu akaitia kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Sahani ya pili aliitia yote. Posho aliikata vipande vyembamba akaanika juu ya bati la kibanda cha chapati mpaka ikawa kavu kama gome, haiozi. Maharagwe aliyakausha kwa chumvi. Mwisho wa juma alipeleka Nakivale.

Mara ya kwanza mama yake alikishika kipande cha posho, akakinusa.

"Hii chakula ya nani?"

"Ya Nabintu."

Perpétue akafumba macho ili aombe. Alimshukuru Mungu kwa chakula, akaomba ailinde mikono ya Nabintu iliyokitafuta, aikinge na ajali na wivu wa watu kazini, ampe na kibali mbele ya bosi. Nabintu alikaa pale, mikono yake magotini, akaitikia amina. Siku nyingine mama aliuliza, kwa aibu kidogo, kama Nabintu wa Mbarara anahitaji kitu, labda kitenge cha kujifunika, maana Mbarara asubuhi kuna baridi.

"Hasikii baridi, mama."

"Mwambie nimemsalimia hata hivyo."

Na Nabintu, Jumatatu ile, alifikisha salamu. Hakuona sababu ya kuzila njiani.

Mama alianza kupata mwili. Mgongo haukunyooka, lakini mashavu yalirudi. Majirani wakasema unaona, mtoto mwenye kazi. Nabintu alizisikia sifa hizo mlangoni kwa mama yake, akapita katikati yake na kavera, kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine.

Kisha msaada ulikaribia kwisha, na watu wakubwa wakataka kuona ulikokwenda kabla hawajaamua kama utaongezwa. Karakana ya Swaibu ilichaguliwa, kwa sababu haikupoteza hata mfanyakazi mmoja aliyeandikwa. Norah alipaka ukuta chokaa. Mawe yaliogeshwa kwa sabuni na kufungwa aproni mpya. Wageni wakaja mchana, mzungu mmoja mrefu, mama mmoja wa ofisi na yule kijana mkaguzi, ambaye sasa alikuwa na kamera ya simu kwenye kijiti. Wakakuta Nabintu kwenye mkeka, sahani mapajani.

Yule mama wa ofisi aliangalia sweta, akazipima kwa mkono, akasema hizi zimefumwa na mtu anayejua. Akainama kwa Nabintu. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Na wewe, binti, ni nani hapa?"

 Swaibu alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa limetulia, kwa sababu hakuwa na uongo wa kuficha. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kinaonekana. Norah aliiangalia sahani. Nabintu naye aliiangalia. Akalifikiria neno lile aliloulizwa. Lilikuwa jepesi, jina moja tu, na alizaliwa nalo. Angelitamka, kijana angelitafuta kwenye karatasi zake, angelikuta tayari lina mtu. Wangebishana mpaka jioni nani ni nani. Na Jumamosi mama yake angebandika sufuria ya maji matupu.

"Ni ndugu yake," alisema, akaonyesha jiwe.

"Oo! Mnafanana," alisema mama wa ofisi. "Anaitwa nani?"

"Nabintu."

"Anafanya kazi vizuri?"

"Anafanya. Kola zake hazivutani."

"Na analipwa? Usiogope, sema ukweli. Analipwa kila mwezi?"

Nabintu alimeza tonge lililokuwa mdomoni.

"Analipwa."

"Pesa inasaidia nyumbani?"

"Inasaidia. Mama anamuombea."

Mama wa ofisi aliguswa. Alisema hiyo ndiyo sababu wanafanya kazi hii, akamtafsiria mzungu, na mzungu akaweka mkono kifuani, akasema msaada utaongezwa muda. Kijana akasogeza kamera. Alitaka picha ya mwisho, watu wa nyumba moja wakipongezana, kwa lugha yao, ili wale wa mbali waone. Swaibu akamsaidia Nabintu kusimama, akamshikia sahani.

Nabintu akapangusa mikono kwa kitenge. Alikwenda mpaka kwenye mashine, akainama pale ambapo mtu angekuwa na sikio.

"Hongera, Nabintu," alisema. "Banasema batakuongeza muda."

Jiwe halikumjibu. Lilikuwa kazini.